Nilipaka Chokaa Juu ya Mchwa

Kosa ni langu. Naanza hapo ili nisijipe nafasi ya kulizungushia maneno. Mchwa walikula nyumba ya mama mkwe wangu, lakini mimi ndiye niliyewafungulia mlango, na nilipowaona wanaingia nikawapaka chokaa ili mgeni asiwaone.

Jina langu silitaji, wala la kijiji. Walio karibu watanijua tu, kwa maana huku milimani habari hushuka bonde na kupanda la pili kabla mwenyewe hajavaa viatu. Ninyi wengine nisikilizeni kama mnavyomsikiliza jirani aliyekuja kukaa kibarazani kwenu akiwa na jambo kifuani.

Nilizaliwa upande wa Rangwi, juu, kwenye baridi. Kwetu mchwa ni kiumbe wa kusimuliwa. Niliambiwa wapo, kama nilivyoambiwa wapo mamba. Nikaoa chini zaidi, upande wa jua, kijiji chenye udongo mwekundu na migomba inayozaa bila kubembelezwa, nikahamia huko kwa ajili ya kazi ya ukarani.

Kijiji hicho kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa hatukuhamishwa sana. Nyumba zetu tayari zilikuwa zimebanana mlimani kama mbegu za boga. Tulichopata kwa wingi ni kamati. Kamati ya shamba la pamoja, kamati ya duka, kamati ya kisomo, kamati ya nyumba bora. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko unaosomeka, nikafanywa katibu wa kamati ya nyumba bora.

Niliipenda kazi ile. Mimi ni mtu wa daftari. Nikiona kuku wawili wanapigana naandika nani alianza. Nikaandika hali ya kila nyumba: choo kipo au hakipo, dirisha linafunguka au ni tundu, vyombo viko kichanjani au chini, ukuta mweupe au mweusi, na moto unawaka wapi.

Hapo kwenye moto ndipo tulipokwama. Karibu kila nyumba ilikuwa na mafiga yake ndani, katikati, moshi ukipanda darini na kutokea popote unapopajua wenyewe. Sisi tukasema jiko litoke nje.

"Moto nje?" aliuliza balozi wetu wa nyumba kumi kwenye mkutano. Ni mzee mwenye mdomo usiolala. "Na sisi Katibu utatupeleka lini? Au moto ndio uliokosa peke yake?"

Watu walicheka hadi mkutano ukaahirishwa.

Nikaona bila mfano sitafika popote. Mfano mzuri ulikuwa nyumba ya mama mkwe wangu. Mjane, msafi, anayeheshimika. Nyumba yake aliijenga marehemu baba mkwe: nguzo za mwangati, fito za miwati, udongo uliopigwa vizuri, bati juu. Ndani kulikuwa na dari la fito ambamo mama mkwe aliweka mahindi na maharage, na juu ya mafiga, yaliyokuwa chumbani kwake, alining'iniza magunzi ya mbegu. Boriti zote zilikuwa nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.

Kabla sijaendelea nieleze jambo moja la desturi, kwa maana kosa langu lilijificha ndani yake. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Haingii chumbani kwake, hali naye chungu kimoja, na neno zito hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama hatua mbili. Mtu wa tatu wetu alikuwa mke wangu. Maskini, masikio yake yalikuwa njia ya maneno yetu.

Basi siku ya kwenda kumwomba, mama mkwe alikuwa anapepeta maharage uani, ametugeuzia bega. Mimi nikasimama kando ya mgomba.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, "kamati inaomba nyumba yake iwe ya mfano. Moto utoke ndani, nitamjengea jiko zuri nje."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Mwulize mwenzio, moto umemkosea nini?"

"Moshi unaharibu macho na kifua," nikasema.

"Mama, anasema moshi..."

"Nimesikia. Macho kweli yananiwasha, hilo amesema sawa. Sasa mwulize, na dari litakula nini?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kizee. "Mwambie dari halili."

Mke wangu akanigeukia. "Hilo lipeleke mwenyewe," akanong'ona.

Mama mkwe akapepeta kidogo, akapuliza maganda. "Mwambie, akisema moto utoke, utatoka. Yeye ndiye aliyesoma."

Mama mkwe wa kwetu hamnyimi mkwe ombi lake mbele ya mkewe. Nililijua hilo nilipokuwa naomba. Nataka mlijue na ninyi.

Jiko nikajenga, na sijisifu bure nikisema lilikuwa jiko zuri. Kuta fupi, moshi unatoka, mpishi anaona bonde lote hadi chini. Baada ya miezi michache macho ya mama yakatulia, kikohozi kikapungua. Mambo ya moshi na afya hayakuwa uongo. Narudia, msije mkasoma barua hii mkarudisha moto ndani mkasema nimewaruhusu.

Ila kuni zilikosa makao. Zamani zilikaa juu ya moto zikikauka. Jiko jipya halikuwa na nafasi, nami sipendi vitu vilivyozagaa. Nikazipanga nyuma ya nyumba, zikiegemea ukuta, ndefu chini, fupi juu, safi kabisa. Nilisimama nikazitazama kama mtu anayetazama picha. Chini yake kulikuwa na kisiki cha mti niliokata kupisha jiko. Nikakiacha, kinazuia kuni zisiteleze.

Mvua za vuli zikaja, na baada ya mvua ya kwanza kumbikumbi wakatoka. Kijiji kizima kikawa uani na ungo na mabeseni. Waliwakaanga, wakala, nami nikala, watamu. Asubuhi nikaona mbawa nyingi chini ya dirisha la sebuleni kwa mama mkwe, ndani. Nikaandika kwenye daftari: "Mbawa tele dirishani kwa mkwe. Kumbikumbi wamependa chokaa."

Nilijiona mcheshi. Sikujiuliza kwa nini mdudu atoe mbawa ndani ya nyumba, kama mtu anayefika kwake na kuvua koti.

Muda ukapita. Siku moja nimekwenda kukagua, nikaona nyuma ya mlango wa mbele mstari wa udongo unapanda ukutani. Upana wa penseli. Umetoka sakafuni, umepinda kidogo, umefika kwenye nguzo. Nikauvunja kwa ukucha. Ndani yake wadudu weupe, laini, wanakimbia huku na huku kama watu wa sokoni mvua ikinyesha ghafla.

Kesho yake nikarudi. Mahali nilipovunja pamezibwa, udongo bado mbichi, na mstari umeongezeka urefu wa kidole. Nikapima. Nikaandika. Kwa hiyo sikuwa na shaka hata kidogo. Nilijua ni mchwa.

Tatizo ni kwamba ripoti yangu ilikuwa imekwisha kwenda wilayani, na ndani yake nimeandika kwa mwandiko wangu unaosomeka: nyumba ya mfano ni kavu, nyeupe, haina wadudu. Na mgeni alikuwa anakuja.

Ningeweza kumwambia mama. Ningeweza kumwita fundi. Nilichofanya ni kwenda dukani kuchukua chokaa na brashi. Nikakwangua mstari, nikapaka. Ukarudi. Nikapaka tena. Asubuhi ya mgeni ukarudi mara ya tatu, mwembamba, kama unanitania. Nikapaka mara ya tatu.

Mgeni akafika, mtu mnene mwenye koti la kijivu, mpole kweli. Akasifu jiko. Akasifu choo. Akaingia sebuleni, akaegemea ukuta ule ule akiandika, na alipogeuka bega lake lilikuwa jeupe.

"Mmepaka leo, ndugu Katibu?"

"Tunapaka mara kwa mara, ndugu."

"Vizuri sana. Na wadudu?"

"Hakuna, ndugu."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani nilisikia mama mkwe akikohoa. Mara moja tu. Nilidhani ni mabaki ya kile kikohozi.

Baada ya ziara nilipongezwa mkutanoni. Nyumba nne nyingine zikatoa moto nje mwezi huo huo. Nami mchwa wangu nikawaacha chini ya chokaa nikijiambia nitawashughulikia baada ya palizi, baada ya Krismasi, baada ya mavuno.

Siku moja mke wangu akaja na ujumbe. "Mama anasema darini kuna kitu kinatafuna. Mchana kweupe. Anasema ni kama mtu anakula mahindi ya kuchoma na hataki kukukaribisha."

"Mwambie ni panya," nikasema.

Aliniangalia kidogo. "Una hakika?"

"Panya."

Mama mkwe akaazima paka kwa balozi. Paka mkubwa, mweusi, mwenye sifa kijijini. Wiki mbili zikapita hajakamata kitu. Balozi alinikuta dukani.

"Katibu, paka wangu kwa mkweo amekataa kazi. Anakaa anatazama ukuta. Amekuwa mwalimu wa kisomo?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kicheko kile nakikumbuka kuliko vingi nilivyocheka maishani.

Ikaja siku ya kushusha mbegu. Mvua za masika zilikuwa zinanukia, watu wote wanatengeneza mashamba. Mke wangu alikuwa ameshatangulia shambani. Mimi nilikuwa uani kwa mama mkwe nanyoosha bati la jiko. Nikasikia ngazi ikilia ndani, kisha mlio mrefu, mkavu, halafu kishindo, na vumbi jekundu likatoka mlangoni.

Nikakimbia hadi mlango wa chumba chake, nikasimama hapo.

Msomaji, nilisimama. Mguu mmoja umekaribia kizingiti na mwingine nyuma. Mama wa mke wangu yuko chini ndani, nami nafikiria kwamba sijawahi kuvuka mlango ule na kwamba si ruhusa.

Yeye naye hakuwa na mtu wa tatu. Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya fito, udongo na magunzi, na paka wa balozi ameparamia kitanda. Akamgeukia paka.

"Paka," alisema, sauti ikitetemeka, "mwambie aliye mlangoni mguu wangu nadhani haujavunjika, ila siwezi kusimama. Na umwambie kama anangoja barua ya kamati, nitakaa hapa hadi ifike."

Nikaingia. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na alifunika uso kwa khanga kwa sababu ya haya, nami niliangalia ukuta kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo ndipo nikauona ukuta. Khanga mbili zilizokuwa zimetundikwa zilikuwa zimeanguka pamoja na dari. Nyuma yake mistari ya udongo ilipanda kila upande, minene kama vidole, inaachana na kukutana tena kama mito kwenye ramani ya shule. Fremu ya mlango niliyoishika ili nisianguke ilibonyea mkononi mwangu. Nje rangi nzima, ndani udongo mtupu.

Nikamkalisha uani. Magunzi ya mbegu yalikuwa yamesambaa, nikaanza kuyaokota ili nifanye kitu. Kila nililoshika lilikuwa jepesi. Maganda yamekaa vizuri, mapana, ya kuvutia. Ukibonyeza, ndani kumejazwa udongo badala ya punje.

Mbegu ile alipewa na mama yake siku anaolewa. Mahindi marefu, meupe, yenye punje chache za zambarau. Kila mwaka alichagua magunzi bora kwa mkono wake, akayatundika juu ya moto, moshi ukayalinda hadi masika. Mwaka ule hakukuwa na moto. Yakatundikwa pale pale, kwa mazoea, juu ya mafiga baridi.

Mke wangu aliitwa, akaja mbio, akamkanda mama mguu kwa maji ya moto. Kisha mama mkwe akasema, ameinamisha uso kwenye beseni:

"Mwambie mwenzio sikudhani kamwe ni panya."

Mke wangu akaendelea kukanda. Hakuna aliyehitaji kupelekewa.

"Niliwaona tangu mvua za vuli. Niliposikia amemwambia mgeni hakuna wadudu, nikasema basi, ni lazima wasiwepo. Nitundike khanga. Mkwe wangu asiaibike mbele ya serikali." Akatikisa mguu majini. "Akasema panya, nikaazima paka. Ningefanya nini?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi naficha upande wa sebuleni kwa chokaa, yeye anaficha upande wa chumbani kwa khanga, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake, na katikati yetu mchwa wanakula kwa raha zao.

Mke wangu hakusema nami siku nne. Mtu aliyekuwa akipeleka maneno ya wengine, siku hizo hakuwa hata na lake.

Nikamwita fundi Singano, seremala Mbondei kutoka Zirai aliyekuwa anafanya kazi mjini Lushoto. Alikuja na nyundo, akazunguka nyumba akigonga kwa mpini, sikio karibu na ukuta, kama daktari.

"Nani aliwapangia kuni vizuri hivi?" aliuliza nyuma ya nyumba.

"Mimi."

"Hongera. Umewajengea daraja. Na kisiki hiki?"

"Kinazuia kuni."

"Ninyi mnaotoka kwenye baridi," alisema, "mngekuwa mchwa mngekufa njaa. Lakini kuwalisha mnajua."

Akanifundisha, nami nikaandika. Ukikuta unga mwembamba mkavu chini ya mti wenye vitundu, huyo ni bungua, ana dawa yake. Ukikuta udongo, vijia vya udongo, mti unaolia kama debe tupu ukiugonga, mbawa ndani ya nyumba, huyo ni mchwa, na nyumba yake iko ardhini. Ukutani umeona mkono tu. Nguzo za mwangati zilikuwa nzima, mchwa hawaupendi mti ule. Fito za miwati zilikuwa zimekwisha, hasa zile ambazo mafundi wa zamani hawakuzibambua magome.

"Na moshi?" nikamwuliza. "Moshi ndio uliowazuia miaka yote?"

"Moshi hauui mchwa aliye ardhini. Unakausha mti, unaupaka masizi, mchwa hapendi kupanda. Halafu moto ukiwa ndani mtu hukaa ndani, anatazama kuta kila siku. Wewe uliondoa vyote viwili, na badala yake hukuweka kitu."

Tulihamisha kuni. Tukachimba kisiki, tukafuata mashimo hadi kwenye kiota, karibu na kina cha kiuno changu. Fundi akamtoa malkia, mnene kama dole gumba, mweupe, hawezi kutembea. Alimweka kwenye jembe, watu wakapita kumtazama. Kuku wa balozi wakamaliza waliobaki. Tukamwaga maji ya moto shimoni, tukarudishia majivu na udongo tukashindilia. Fito zote zilizoliwa tukazitoa tukazichoma mbali. Fito mpya tukazibambua magome, tukazikausha, ncha za chini tukazichoma hadi zikawa nyeusi, kisha tukazipaka oili chafu tuliyoomba gereji. Kuzunguka nyumba tukaacha ukanda mtupu wa ardhi, bila ua wala kuni, ili kijia chochote kionekane kikianza.

Mtu mmoja alileta dawa ya unga ya shambani, akasema tunyunyize darini. Mama mkwe akakataa. "Mwambieni asante, lakini darini nalaza chakula, silazi adui." Alikuwa sahihi, na fundi akamuunga mkono.

Nyumba ikasimama. Mbegu haikuwepo.

Mdogo wake mama mkwe ameolewa Lukozi, na aliwahi kupewa mbegu ile ile. Nikaenda na mke wangu. Yule naye ni mkwe wangu kwa desturi, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso umeelekea nje, nikangoja mke wangu anisemee.

"Mwambie mama mdogo," nikaanza.

"Leo sina mdomo," mke wangu alisema. "Umekuja nao wako."

Nikasema. Nikauambia mlango kila kitu: moto, kuni, mstari wa penseli, chokaa mara tatu, koti la mgeni, panya, paka. Kisha mama mdogo akacheka, akacheka hadi akajifuta macho.

"Nimezeeka," alisema, "wakwe wote waliokuja hapa waliomba mke. Wewe wa kwanza kuomba mbegu." Halafu akaacha kucheka. "Dada alianguka?"

"Alianguka."

"Mguu?"

"Ulivimba. Sasa anatembea, anachechemea."

Akaingia ndani akatoka na magunzi kumi na mawili, meusi kwa moshi. Akampa mke wangu, si mimi. "Nampa dada. Na huyu aliyekaa mlangoni, kwenu kuna watu wengine waliotoa moto kwa kumwiga. Wamekwisha kuambiwa?"

Hawakuwa wameambiwa.

Niliwaambia mkutano uliofuata. Nilisimama na daftari, nikasoma tarehe kwa tarehe, bila kuruka ile ya mbawa dirishani. Kulikuwa na minong'ono, hakuna aliyecheka. Hata balozi akasema tu, "Basi twende tukagonge kuta zetu." Ukatibu niliuacha siku hiyo hiyo, kabla hawajaniondoa, na wilayani nikaandika barua ya kusahihisha ripoti. Sijajibiwa hadi leo.

Tulizigonga nyumba zote nne. Mbili zilikuwa salama. Moja tulikuta kijia kimeanza nyuma ya kabati, tukakimaliza siku hiyo. Ya nne ilikuwa imeliwa upande mmoja, na mwenyewe hakunilaumu kwa maneno. Alinipa tu koleo.

Mama mkwe amepanda. Mahindi yametoka. Moto wake bado uko nje, kwa ajili ya macho, na mbegu zinatundikwa jikoni huko huko uliko moshi. Ngazi hapandi tena, mguu haumruhusu. Hilo silirudishi kwa mbegu wala kwa fito.

Sasa ninyi. Ukiona mbawa ndani ya nyumba baada ya mvua, usifagie tu. Gonga mti ulio karibu. Ukiona udongo unapanda ukuta, usitafute brashi. Fuata unakotoka, hata kama ni chini ya kitu ulichokipanga kwa mkono wako mwenyewe. Kuni zikae mbali na ukuta. Ukibadilisha desturi ya nyumba, kwanza uliza ilikuwa inafanya kazi gani, na ukijibiwa kwa maneno yanayofanana na mzaha, uliza tena.

Na kama una mama mkwe unayemheshimu kama ninavyomheshimu wangu, usiongoje akwambie nyumba yake inaliwa. Hatakwambia. Mtafute mtu wa kuingia naye, bishana na aibu yako huko njiani, ufike mlangoni umekwisha kuamua kuvuka.